Kibofu Hakikujaa

Mgonjwa ninayemwandika hapa yu hai na ameniruhusu nimwandike, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kijiji, "maana kule kwetu kila mtu ni shangazi ya mtu." Basi tumwite Mama. Ana miaka 54, anatoka mwambao wa kaskazini wa Kigoma, upande ambao watu wakija mjini hushukia Kibirizi kwa boti, pale dagaa wanapoanikwa. Hospitali sitaitaja, na tarehe nimezisogeza kidogo. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni daktari bingwa wa radiolojia. Kazi yangu ni kupiga na kusoma picha za ndani ya mwili. Wanafunzi wakiniuliza utafiti wangu wa saratani ulianzia wapi, hutegemea nitaje chuo, mfadhili au mashine. Ulianzia kwenye sentensi moja niliyoiandika mwenyewe. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza, ila kwa Kiswahili ilisema hivi: "Nyonga haikuonekana vizuri kwa sababu kibofu hakikujaa." Maneno saba, na yote ya kweli. Nilikuwa nimeshaiandika mara nyingi mno kabla ya siku hiyo, na sikuwahi kujiuliza anayeisoma anaifanyia nini.

Siku ya kwanza

Alikuja asubuhi, na fomu yake ilikuwa na mstari mmoja: maumivu ya kiuno pande zote mbili, U.T.I isiyosikia dawa, angalia mawe kwenye figo. Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo U.T.I alikuwa ametibiwa mara nne, sehemu tofauti tofauti. Alikunywa sipro, akachomwa sindano za siku tano, akanywa pia dawa ya chango kwa bibi mmoja wa kule kwao. Kila mara alipata nafuu ya wiki moja, kisha kiuno kikarudi palepale.

Foleni ilikuwa ya watu thelathini na kitu. Nikampaka jeli, nikaanza na figo ya kulia. Kwenye altrasaundi, figo nzima huonekana kama haragwe la kijivu lenye kiini cheupe. Mkojo ukizuiwa kushuka, kile kiini hufunguka na kuwa cheusi, kama glavu ya nesi iliyojazwa maji, vidole vyote vimetuna. Ndivyo ilivyokuwa ya kulia, na ya kushoto ilikuwa mbaya zaidi. Nilipima unene wa nyama ya figo, ile sehemu inayofanya kazi ya kuchuja: kulia milimita 14, kushoto milimita 11. Jiwe sikuliona.

Nikashusha mkono kuelekea kwenye kibofu, nikakuta kitupu.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mawimbi ya altrasaundi hayapiti kwenye hewa, na utumbo umejaa gesi. Ukitaka kuona kizazi kutokea juu ya tumbo unahitaji kibofu kilichojaa, kwa sababu kikijaa kinausukuma utumbo pembeni na kuwa kama dirisha. Kikiwa kitupu, unaona ukungu. Kibofu cha Mama kilikuwa kitupu kwa sababu nusu saa kabla alikuwa amepitishwa maabara akapewa kikopo. Maabara walitaka mkojo, sisi tulitaka mkojo ubaki. Idara mbili zimepakana ukuta, na kwa miaka yote hakuna aliyewahi kukaa na mwenzake kupanga nani aanze.

Ningemwambia anywe maji, asubiri saa moja, nimwangalie tena. Lakini boti ya kurudi ilikuwa inaondoka mchana, na yeye mwenyewe aliniuliza kwa adabu, "Mwanangu, unaweza kuniachia nikaiwahi?" Nikamwachia. Nikaandika figo zote mbili zimejaa mkojo, nikaandika ile sentensi yangu ya maneno saba, nikapendekeza siti skani kutafuta mawe.

Kwa nini mawe? Kwa sababu fomu ilisema mawe. Sina jibu jingine. Ukikaa ukafikiri dakika mbili tu, hesabu inakataa. Mirija ya kushusha mkojo ni miwili, kila figo na wake, na juu huko imeachana, uti wa mgongo ukiwa katikati. Jiwe huziba mmoja. Mawe mawili kuziba mirija miwili kwa wakati mmoja hutokea, lakini si jambo la kwanza kulifikiria. Mirija yote ikiziba kwa pamoja, tafuta mahali inapokaribiana, nako ni chini, kwenye nyonga. Kwa mwanamume, hapo kuna tezi dume. Kwa mwanamke, kila mrija hupita kama sentimita mbili tu kutoka ubavuni mwa mlango wa kizazi. Kitu chochote kinachokua hapo na kutanuka kwenda pembeni hukutana na mkojo kabla hakijakutana na kitu kingine.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Nimelifundisha.

Wiki tano baadaye

Safari hii aliletwa na binti yake, anayeuza dagaa palepale Kibirizi. Siti skani hakuwa amepiga. Fedha ilikuwa inatafutwa. Alikuwa na kwikwi zisizokoma, anatapika, ngozi inamwasha, mkojo kidogo sana. Kriatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinachuja vipi, ilikuwa 812, wakati kwa mwanamke wa umri wake haitakiwi hata kufika 100. Potasiamu ilikuwa 6.2, kiwango ambacho moyo unaweza kusimama bila kukupa taarifa. Wingi wa damu ulikuwa 6.4, pungufu sana.

Aliyeujua ugonjwa hakuwa mimi. Daktari wa mafunzo, kijana wa mwaka wa kwanza kazini, alimuuliza binti pembeni, na binti akasema: "Mama anatoka damu tangu mwezi wa mfungo. Anasema amerudi usichana." Alikuwa amekoma hedhi miaka minne kabla. Damu ikarudi, kidogo kidogo, kisha na harufu. Mbona hakusema kule alikotibiwa U.T.I mara nne? Nilimuuliza baadaye, akanijibu akiangalia ukutani: "Wote walikuwa vijana wa umri wa mwanangu wa tatu. Nitaanzaje?"

Nesi wa kliniki ya uzazi alimlaza, akaweka kifaa, akawasha taa. Dakika tatu. Uvimbe ulikuwa unaonekana kwa macho, hata siki, ile tunayopaka ili madoa yajitokeze, haikuhitajika. Alichukua kinyama, na kinyama hicho kikasafiri mbali kuliko mgonjwa alivyokuwa amesafiri hadi siku hiyo, kikarudi na jibu tulilokwisha kulijua.

Kwa mtu aliyetumia miaka kusomea picha, hili si jambo la kufurahisha kuliandika. Chombo kilichofaa kuliko vyote katika kisa hiki ni taa na jicho la nesi. Kingeweza kutumika kwenye zahanati, siku ya U.T.I ya kwanza.

Siti skani tulimpiga siku hiyo hiyo, bila dawa ya kung'arisha mishipa, kwa sababu figo zilizozidiwa hazitakiwi kuongezewa mzigo huo. Mashine hii hupa kila nukta ya picha namba yake. Ni vipimo vya Hounsfield, Mwingereza aliyepewa Nobel mwaka 1979 pamoja na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg: maji ni 0, hewa ni −1000, na jiwe la figo hupanda hadi mamia. Ndani ya figo za Mama namba zilicheza karibu na sifuri. Maji matupu, wala punje ya jiwe. Mirija ilikuwa minene kama kidole, ikashuka mpaka nyongani, ikapotelea ndani ya donge. Mapafu safi. Tezi za nyongani hazikuwa zimekua kiasi cha kutiliwa shaka. Donge lenyewe linaishia wapi, mashine hii haikuweza kusema vizuri, kwani nyama ya kizazi na nyama ya uvimbe kwake ni rangi moja. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, ndiyo hutenganisha, na MRI haikuwepo.

Lakini kwa kupanga hatua ya ugonjwa, figo zilikuwa zimeshasema. Kwa miaka mingi hatua za saratani hii zilipangwa zaidi kwa mikono ya daktari wa wanawake na vipimo vichache. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari hao, FIGO, lilikubali picha za kisasa zitumike rasmi. Figo kujaa mkojo kwa sababu ya uvimbe kulikuwa kunahesabika tangu kale: ni hatua ya tatu B. Kwa lugha ya wodini, upasuaji umepitwa, ila mionzi bado inaweza kutolewa kwa nia ya kuponya. Wengi hudhani "hatua ya tatu" maana yake mpeleke nyumbani. Sivyo.

Mpira wa mgongoni

Tulikaa watu watano kujadili. Kusafisha damu kwa mashine kungemnunulia siku, kusingefungua mirija. Njia ya kufungua ilikuwa moja: kutoboa figo kutokea mgongoni na kuweka mpira mwembamba, mkojo utokee huko. Mwenzetu mmoja, mtu mzima na mwenye huruma kuliko sisi wote, alipinga. Alisema mgonjwa wa figo hufa amesinzia, kifo chepesi. Ukimfungua bila kumtibu saratani, unamrudisha aje afe macho makavu, kwa maumivu, harufu na mkojo unaovuja. Amewaona. Nami nimewaona.

Hoja yake sikuidharau, na mpaka leo huwa naanza nayo kila linapokuja swali hili. Mpira huu hautibu saratani. Una maana pale tu mbele yake kuna kitu: mionzi inayofikika, au walau miezi ambayo mgonjwa mwenyewe anaitaka. Kwa hiyo tuliacha kubishana, tukaenda kumuuliza. Alisikiliza yote, kwikwi zikimkatiza. Kisha akauliza swali ambalo sisi watano hatukuwa tumelifikiria: "Nikiwa na huo mpira, treni nitapanda?"

Nilijifunza kazi hii Muhimbili, ambako mafunzo ya tiba inayoongozwa na picha yalishika kasi kuanzia 2018. Wenyewe si ufundi mpya. Goodwin na wenzake kule Marekani waliuandika mwaka 1955 kwa figo zilizojaa mkojo kama hizi. Hatua ya sindano, waya, kisha mpira juu ya waya ni ya Seldinger, Mswidi, mwaka 1953. Na mahali pa kutoboa tulionyeshwa na Brödel, ambaye hata daktari hakuwa, alikuwa mchoraji wa viungo huko Baltimore: upande wa nyuma-pembeni wa figo una mstari ambao mishipa mikubwa ya damu haiufikii. Ukipita hapo, figo inakusamehe.

Swali lilikuwa figo ipi. Huwekei zote mbili bila sababu. Figo moja nzuri inatosha kumweka mtu hai, na mifuko miwili ni usumbufu na uchafuzi mara mbili. Unachagua yenye nyama nene. Nikafungua picha za wiki tano nyuma, nikaziweka sambamba na za leo. Kulia: ilikuwa milimita 14, sasa 10. Kushoto: ilikuwa 11, sasa 4.

Niliangalia hizo namba muda mrefu kidogo. Si kila siku daktari hupewa kipimo cha kuchelewa kwake kwa milimita.

Tulichagua kulia. Alilala kifudifudi, mto chini ya tumbo, ganzi mgongoni. Mashine ya eksirei ya kuonyesha picha zinazotembea hatukuwa nayo, hivyo nilifuata ncha ya sindano kwa altrasaundi mpaka ikaingia kwenye kidole cha chini cha ile glavu. Nikachomoa waya wa ndani ya sindano, mkojo ukatoka, mwekundu kidogo, kisha ukasafika. Waya, kitanua njia, mpira wenye mkia uliojikunja ili usichomoke, uzi wa kushonea, mfuko. Binti aliyekuwa mlangoni akasema, "Kumbe ulikuwa umejificha huku!" na nesi akacheka, mimi nikacheka, hata Mama alitikisika mabega.

Usiku ule zilitoka lita nne. Huo nao ni mtego: figo iliyofunguliwa ghafla humwaga maji na chumvi kama bomba lililopasuka, na asiyerudishiwa maji kwa dripu anaweza kupona figo akafa kwa kukauka. Manesi wa zamu walipima kila saa, wakajaza kila kilichotoka. Siku ya tatu kriatinini ilikuwa 430. Siku ya tisa, 148. Kwikwi ziliisha siku ya pili. Akaomba ugali na mgebuka.

Treni

Binti alifundishwa kwa siku tatu kusafisha tundu, kubadilisha mfuko, na kuushika mpira kila mama yake anapoinuka. Ajali ya mpira huu mara nyingi si ya kitabibu: mtu anakanyaga mfuko, au anageuka usingizini, na kazi yote inachomoka. Tulimpa barua ya rufaa, nakala za picha kwenye sidii, na namba yangu.

Kutoka Kigoma mgonjwa wa mionzi huelekea Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890. Mama alichagua Dar kwa sababu alikuwa na mpwa Mbagala. Huo ndio ukweli wa rufaa nyingi: mgonjwa hafuati mashine, anafuata kitanda cha ndugu. Mionzi ya nje ni vikao 25, siku tano kwa wiki, wiki tano. Kisha mionzi ya ndani, ile inayowekwa karibu kabisa na uvimbe. Yote yanatakiwa yaishe ndani ya siku 56 hivi, kwani seli zilizobaki huanza kuzaliana upya ukizipa mapumziko. Mtu asiye na mpwa Mbagala anahesabu siku hizo kwa bei ya gesti.

Walipanda treni ya reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Binti alinipigia simu treni ikiwa imesimama Tabora, kelele za wauza asali dirishani: mfuko umejaa, ameumwagia kwenye chupa, mpira uko palepale. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyepokea matokeo ya mtihani.

Lililofuata si jema sana. Tangu majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 1999, mionzi ya saratani hii huambatana na sisplatini, dawa ya kemo inayotolewa mara moja kwa wiki, kwa sababu ikiunganishwa na mionzi wanaopona huongezeka. Lakini sisplatini huumiza figo, na haipewi mtu ambaye figo zake ziko mashakani. Kriatinini ya Mama ilikwama juu ya 120. Figo ya kulia peke yake haikutosha kubeba dawa, na ya kushoto ilikuwa haipo kazini. Madaktari wa Dar wakaamua sawasawa: mionzi peke yake.

Kwa hiyo ukiniuliza wiki zile tano zilikula nini, sitakujibu kwa jumla jumla. Zilikula figo moja, na figo hiyo ikaondoka na sisplatini.

Kaunta buku

Mama akiwa Dar, nilinunua kaunta buku la kurasa 192 na kuanza kupiga mistari. Safu ya kwanza: umri. Ya pili: figo moja au zote. Ya tatu, kibofu kilijaa au hakikujaa. Ya nne: kizazi kilionekana? Ya tano: fomu ilisema nini. Ya sita niliiacha pana kuliko zote, kichwa chake "ikawaje". Nikarudi kwenye ripoti za nyuma, mwezi baada ya mwezi, nikitafuta wanawake waliokutwa na figo zote mbili zimejaa.

Safu ya sita ndiyo iliyonishinda. Ripoti zipo, wagonjwa hawapo. Namba za simu zimekufa au zimepewa watu wengine. Majina matatu ya fomu si majina anayojulikana nayo kijijini. Niliandika muhtasari wa utafiti, nikapeleka kuomba kibali cha maadili NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wakati nasubiri nikajifunza kwamba anayejua mgonjwa yuko wapi si mfumo wa kompyuta. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, na nahodha wa boti. Hao ndio waliorudisha majibu mengi kwenye safu ile, baada ya taratibu za usiri kukaa sawa. Namba zenyewe nitaziandika zikishapita kwa wakaguzi.

Mkaguzi mmoja wa pendekezo langu aliuliza kwa nini silinganishi altrasaundi na MRI. Swali zuri kwa mtu aliye jengo moja na MRI. Mwingine alipendekeza akili mnemba isome picha zetu. Sina ugomvi nayo, na kwa eksirei za kifua naiona inakuja na faida. Lakini hakuna programu itakayosoma kizazi nyuma ya kibofu ambacho maabara wamekimwaga. Sisi tatizo letu lilikuwa kikopo.

Nikikata tamaa humkumbuka Burkitt, yule daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alipanda gari bovu na wenzake wawili, wakazunguka maili 10,000 hivi kwa wiki kumi katika Afrika ya mashariki na kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali na picha za watoto wenye uvimbe wa taya, wakiuliza: huu mnauona hapa? Ramani iliyotokea ilifuata joto na mvua, na njia hiyo ndiyo iliyokuja kufikisha watu kwenye malaria na kirusi kama sehemu ya chanzo cha saratani hiyo. Mashine yake ilikuwa swali moja lililoulizwa kila mahali kwa namna ileile. Kaunta buku langu si ramani ya Burkitt, lakini swali ni moja na linaulizwa kwa namna ileile.

Mambo tuliyobadilisha hayakusubiri utafiti uishe. Mwanamke mwenye fomu ya figo au kiuno anaanzia kwetu, maabara baadaye. Akikutwa figo zote mbili zimejaa, haondoki jengoni mpaka kizazi kimeonekana na nesi wa uzazi amemwangalia kwa kifaa, siku hiyo hiyo, boti iondoke isiondoke. Fomu imeongezwa maswali mawili: anatoka damu isiyo ya kawaida? mlango wa kizazi umeangaliwa? Maswali hayo tumempa nesi mwanamke ayaulize, pembeni, kwa sauti ya chini. Vijana wangu walinuna kidogo. Watazoea.

Kosa tulilifanya na hapo. Tulibandika ukutani "kunywa glasi nne za maji", na wiki ya pili tukawa tunamnywesha maji mama mmoja ambaye figo zake zilikuwa hazitoi mkojo kabisa. Kibofu chake kisingejaa hata angekunywa ziwa, na maji yale yangemwishia mapafuni. Nesi aliwahi kumnyang'anya glasi. Sasa mgonjwa wa namna hiyo anajazwa kibofu kwa mpira na maji ya dripu, au anapimwa kwa altrasaundi ya ukeni. Karatasi ya ukutani tuliichana, maelekezo anatoa mtu.

Miezi saba baadaye

Alirudi mwenyewe, kwa boti, amenenepa. Damu ilikuwa imekoma, na kule Dar walikuwa wamemwangalia wakaridhika kwa sasa. Alinieleza habari za wajukuu. Mkubwa wao amechanjwa shuleni, ile chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa kuhakikisha hakuna mtoto anayekimbia.

Mpira wa mgongoni tuliupima kwanza: dawa inayoonekana kwenye eksirei ilisukumwa kupitia humo, ikashuka mrija mzima, ikamwagikia kwenye kibofu. Uvimbe ulikuwa umesinyaa na njia imefunguka. Tuliufunga mpira siku mbili tuone, figo haikuvimba, nikauchomoa. Akaniomba aende nao. Nikamwambia huo hauendi nyumbani, mama.

Kisha altrasaundi ya mwisho. Tangu mionzi kibofu chake hakivumilii, na nesi alikuwa amemnywesha maji tangu saa mbili. Figo ya kulia: sentimita 11.2, kiini chake kimerudi kuwa cheupe. Ya kushoto nilihangaika kuitafuta. Niliipata imejikunja chini ya mbavu, sentimita 7.1, nyama yake nyembamba kama ganda la karanga. Nikaipima mara mbili. Nilikuwa bado naandika namba hiyo kwenye safu ya sita aliponigonga mkono.

"Mwanangu, kama umemaliza kuandika, shuka huku chini haraka. Leo kimejaa."